Farrokh wa Mji Mkongwe: Historia Isisimuliwe Nusu

Wahenga walinena kwamba mkataa kwao ni mtumwa. Hawakutuachia, hata hivyo, methali ya kutuongoza juu ya mtu ambaye watu wa kwao wenyewe hawajaafikiana kama ni wao au si wao. Mtu wa namna hiyo visiwa vyetu vinaye. Jina alilopewa na wazazi wake ni Farrokh Bulsara. Jina ambalo ulimwengu unamjua kwalo ni Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza. Alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba, 1946, akafariki London tarehe 24 Novemba, 1991, akiwa na umri wa miaka 45.

Miongoni mwa wageni wanaoingia Unguja kila mwaka, wamo wanaouliza nyumba ya mwimbaji huyu kabla hawajauliza habari za karafuu au za Beit el Ajaib. Wanajibiwa na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wafanya biashara, ambao wamelitundika jina lake ubaoni kwa kuwa jina hilo huleta fedha. Wa pili ni wale wanaoona kwamba kumtaja tu ni fedheha, na kwamba ingekuwa heri kama angelizaliwa pengine. Katika makala haya tunapenda kutanabahisha kwamba makundi haya mawili, licha ya kugombana kwao, yamefanana katika jambo moja: yote mawili humsimulia mtu huyu nusu. Na katika nusu inayoachwa ndimo yalimo mambo mawili yanayotuhusu sisi, wananchi wa visiwa hivi na wa bara la Afrika, kuliko yanavyomhusu mtu mwingine yeyote.

Kuzaliwa na malezi yake

Wazazi wake, Bomi na Jer Bulsara, walikuwa Waparsi wa Gujarat, Bara Hindi, na jina la ukoo wao latokana na mji wa Bulsar. Waparsi ni wafuasi wa dini kongwe ya Zoroaster, dini ya Uajemi wa zamani, ambao mababu zao walihamia Bara Hindi karne nyingi zilizopita. Hapa Unguja hawakuwa wengi, lakini walikuwa na nafasi yao mjini miongoni mwa Waswahili, Waarabu, Wahindi, Wangazija, Wagoa na wengineo. Baba yake alikuwa mtunza fedha wa Mahakama Kuu chini ya utawala wa Kiingereza, wakati Sayyid Khalifa bin Harub alipokuwa katika kiti cha usultani. Kwa hiyo mtoto huyu alizaliwa katika nyumba ya mtumishi wa serikali. Haikuwa nyumba ya tajiri mkubwa wala ya fukara.

Alipotimu umri wa kiasi cha miaka minane alipelekwa Bara Hindi kusoma katika skuli ya bweni ya St. Peter's huko Panchgani, mji wa milimani katika jimbo la Bombay. Msomaji wa leo huenda akaona ajabu mtoto mdogo kuvushwa bahari peke yake namna hiyo. Kwa watu wa mwambao wa zama zile njia ya Bombay ilikuwa njia ya kawaida, ya biashara, ya elimu na hata ya muziki. Ndiyo njia iliyomchukua Siti binti Saad katika mwaka 1928, alipokwenda kutia sauti yake katika santuri na kuifanya taarabu ya Kiswahili isikike mbali na Unguja. Msafara wa sauti kutoka visiwa hivi kwenda ng'ambo haukuanza na Farrokh.

Huko Panchgani alijifunza kinanda, wenzake wakaanza kumwita Freddie, na pamoja na wanafunzi wengine akaunda bendi ya skuli iliyoitwa The Hectics. Alirejea Unguja katika mwaka 1963, mwaka ambao Waingereza walikuwa wakifungasha. Uhuru wa tarehe 10 Desemba, 1963 ukaja, yakafuata Mapinduzi ya tarehe 12 Januari, 1964, na katika mwaka huo huo ukoo wa Bulsara ukaondoka kwenda Uingereza, ukakaa Feltham, pembezoni mwa London. Farrokh alikuwa na miaka kumi na saba. Hakurejea tena kuishi visiwani.

Yafaa jambo hili lisemwe bila kona. Mtu huyu hakutukana alikotoka, lakini pia hakuwa mwepesi wa kukutaja. Katika miaka yake ya umaarufu alizungumza juu ya Unguja mara chache mno. Uingereza ya miaka ile haikuwa na subira kubwa na mhamiaji mwenye jina la kigeni, na yeye alichagua jina jipya na kujijenga upya kama mtu asiye na mahali alikotoka. Kwa hiyo yule anayetaka kumfanya Mzanzibari aliyeililia nchi yake usiku na mchana, huyo hasimulii historia, anauza hadithi.

Njia ya umaarufu

Feltham haikumpokea kwa zulia. Alifanya kazi ya kupakua mizigo katika uwanja wa ndege wa Heathrow, akasoma sanaa ya michoro katika chuo cha Ealing na kumaliza mwaka 1969, akauza nguo za mitumba katika soko la Kensington. Katika mwaka 1970 alijiunga na Brian May, mpiga gitaa aliyekuwa pia mwanafunzi wa elimu ya nyota, na Roger Taylor, mpiga ngoma. Mwaka uliofuata akaongezeka John Deacon, mpiga gitaa zito. Jina la Queen, maana yake malkia, alilitoa yeye, na nembo ya bendi aliichora yeye mwenyewe, kwani ndiyo kazi aliyosomea.

Santuri yao ndefu ya kwanza ilitoka mwaka 1973. Kilichowatia katika vinywa vya watu wote ni wimbo wa mwaka 1975 uitwao Bohemian Rhapsody, alioutunga Mercury peke yake. Una urefu wa kiasi cha dakika sita, wakati stesheni za redio zilikuwa zikitaka nyimbo za dakika tatu. Hauna kiitikio cha kurudiwarudiwa; umepita katika mwimbo wa pole, ukaingia katika namna ya maigizo ya opera ya Kitaliani, kisha ukaingia katika vishindo vya roki. Sauti za watu watatu zilirekodiwa juu ya nyingine mara nyingi hata zikasikika kama kundi zima la waimbaji. Katikati ya wimbo huo limo neno moja la Kiarabu ambalo kila mtoto wa chuoni katika visiwa vyetu hulitaja kabla ya kufungua msahafu wake. Alilitia kwa sababu gani, hakupata kueleza. Wimbo huo ulikaa juu kabisa ya orodha ya Uingereza kwa wiki tisa.

Hapana haja ya kuhesabu kila santuri. Yatosha kusema kwamba katika miaka kumi iliyofuata bendi hii ilijaza viwanja vya mpira kutoka Ulaya hadi Amerika ya Kusini, na wimbo wa Mercury wa mwaka 1977 juu ya mabingwa umekuwa ukiimbwa viwanjani duniani kote kila kombe linaponyanyuliwa, pengine na watu wasiojua kabisa mtunzi wake alizaliwa wapi. Sauti yake ilikuwa na upeo mpana usio wa kawaida, na baadaye aliithubutisha mbele ya mwimbaji mkubwa wa opera wa Hispania, Montserrat Caballé, ambaye waliimba naye juu ya mji wa Barcelona. Jukwaani alikuwa na kipawa kingine, cha kuufanya umati wa maelfu umwitikie kama watu walioketi naye katika baraza moja. Mwenye kuyakana haya atakuwa anagombana na masikio yake mwenyewe.

Kosa la Sun City

Sasa tuingie katika lile ambalo mabango ya biashara hayalitaji, na ambalo hata wanaomchukia Mercury hawalikumbuki.

Mnamo Oktoba 1984, Queen walikwenda kupiga muziki Sun City. Mahali hapo palikuwa ni mji wa anasa, wenye mahoteli na nyumba za kamari, uliojengwa ndani ya Bophuthatswana, mojawapo ya zile ziitwazo nchi za Waafrika ambazo makaburu wa Afrika ya Kusini walizikatakata na kuzipa uhuru wa bandia ili wananchi weusi wafanywe wageni katika nchi yao. Hakuna serikali katika dunia iliyoutambua uhuru huo wa mwaka 1977 isipokuwa Pretoria na vibaraka wake. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikuwa limekwisha kuwataka wasanii wote wa dunia, tangu Desemba 1980, wasishirikiane na utawala wa ubaguzi. Queen walilijua hilo, na wakaenda.

Walijitetea kwamba wao ni wanamuziki, hawamo katika siasa, na kwamba humpigia kila anayetaka kuwasikiliza. Utetezi huo walikwisha kuutumia. Katika mwaka 1981 walipiga Argentina ilipokuwa chini ya utawala wa majeshi, na hoja ilikuwa ile ile. Lakini hoja ya kutokuwamo katika siasa haisimami mahali ambapo kiti chenyewe unachokalia kimechongwa na siasa. Chama cha Wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini, na majina yao yakaandikwa katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya wasanii waliovunja mgomo.

Kwa nini jambo hili lituhusu sisi? Kwa sababu katika mwaka huo huo wa 1984, Tanzania ilikuwa nchi ya mstari wa mbele. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu mwaka 1963. Mazimbu, Morogoro, vijana wa Afrika ya Kusini walikuwa wakisoma katika skuli ya chama cha ANC juu ya ardhi waliyopewa na wananchi wa nchi hii. Miaka ile ilikuwa migumu. Foleni za sabuni, sukari na unga hazikuwa hadithi, na bado wananchi walikubali kubeba mzigo wa ukombozi. Wakati wakulima na wafanyakazi wa nchi alimozaliwa wakijinyima kwa ajili ya Afrika ya Kusini, mwana wa Unguja, tajiri na mashuhuri, alikuwa akiwaimbia matajiri wa Sun City.

Haki yataka tuseme pia la upande wa pili. Bendi hiyo ilitoa mchango kwa skuli ya watoto viziwi na vipofu huko Bophuthatswana. Kisha tarehe 13 Julai, 1985, miezi tisa tu baada ya Sun City, Mercury alisimama katika uwanja wa Wembley mbele ya watu kiasi cha 72,000, katika tamasha la Live Aid lililokusudiwa kuwachangia wenye njaa wa Ethiopia. Kwa muda wa dakika ishirini na kitu aliimba hata wengi wakasema kwamba siku ile haikuwa na mwimbaji mwingine. Mwaka 2003, alipokuwa amekwisha kufa, wenzake May na Taylor walipiga Cape Town katika tamasha la Mzee Nelson Mandela la kupambana na UKIMWI, lililopewa nambari yake ya gerezani, 46664. Mandela hakuwafungia mlango. Ikiwa yeye aliyefungwa miaka 27 alipata moyo wa kupokea, sisi hatuna haja ya kuweka kinyongo. Lakini kusamehe ni kitu kimoja na kufuta ni kitu kingine. Mtoto wa Kizanzibari anayeonyeshwa picha ya Mercury ukutani anastahiki kuambiwa ya Wembley na ya Sun City kwa pumzi moja.

Maradhi na kimya

La pili ni maradhi yaliyomwua. Mercury alipata kujua kwamba ana virusi vya UKIMWI katika mwaka 1987. Aliwaeleza watu wachache wa karibu, akaukanushia ulimwengu. Magazeti ya Uingereza yakamwandama, wapiga picha wakalala mlangoni pake, naye akaendelea kurekodi nyimbo huku mwili ukikonda. Tarehe 23 Novemba, 1991 alitoa taarifa ya kukiri. Jioni ya siku ya pili akafariki. Siku ya mazishi makasisi wa dini ya wazee wake walimsomea, na mwili ukachomwa London.

Kwa upande wa ubinadamu hatuna la kumlaumu. Ugonjwa wa mtu ni siri yake, na waliomwandama hawakumwandama kwa huruma. Zaidi ya hayo, dawa za mchanganyiko zilizougeuza UKIMWI kutoka hukumu ya kifo hadi maradhi ya kuishi nayo zilipatikana mwaka 1996, miaka mitano baada ya kifo chake. Katika miaka yake kusema kulikuwa na gharama na hakukuwa na tiba.

Hata hivyo, katika miaka hiyo hiyo Afrika ilitoa watu waliosema. Mwaka 1987, Rais Kenneth Kaunda wa Zambia alitangaza hadharani kwamba mwanawe alikufa kwa UKIMWI, wakati viongozi wengi hawakuthubutu hata kulitamka neno hilo. Mwaka 1989, mwimbaji wa Uganda Philly Lutaaya, aliyekuwa akiishi Sweden, alitangaza kwamba anao ugonjwa huo. Baadhi ya wananchi wake walidhani ni hila ya kuuza santuri. Hakujificha huko Ulaya. Alirejea kwao, akapita maskulini na makanisani akiwa mdhaifu wa mwili, akiwaambia vijana wamtazame na wajihadhari. Alikufa Desemba ya mwaka huo huo. Tangu hapo hapana Mganda aliyeweza kusema kwamba UKIMWI ni maradhi ya watu wa mbali.

Hawa walikuwa waimbaji wawili wa zama moja, wenye maradhi ya aina moja, na wote wawili wazaliwa wa Afrika Mashariki. Mmoja alisema akiwa bado na miezi ya kuitumia sauti yake, na mwingine alisema siku moja kabla ya kufa. Hatusemi haya ili tumshushe Mercury. Tunasema kwa sababu Zanzibar ilipata wagonjwa wake wa kwanza wa UKIMWI katika mwaka 1986, na kwa miaka mingi baadaye kimya kilikuwa ndicho kitanda cha wagonjwa wetu. Watu walifichwa vyumba vya ndani. Watu walizikwa kwa majina ya maradhi mengine. Tume ya UKIMWI ya Zanzibar iliundwa mwaka 2002, na tangu hapo kazi kubwa imefanywa, na idadi ya walioambukizwa kwetu imebaki chini ya mtu mmoja katika kila mia. Lakini kila mfanyakazi wa afya atakwambia kwamba adui wake wa kila siku ni aibu.

Kifo cha Mercury kilizaa kheri yake. Wimbo wake mkubwa ulitolewa tena mwishoni mwa mwaka 1991, ukapanda tena juu ya orodha, na fedha zake zikaenda kwa shirika la kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI la Uingereza. Tarehe 20 Aprili, 1992 palifanyika tamasha la kumkumbuka katika uwanja ule ule wa Wembley, na kutokana nalo wenzake wakaanzisha mfuko wa Mercury Phoenix wa kupambana na maradhi hayo, ambao umesaidia miradi katika nchi nyingi, za Afrika zikiwamo. Hapa ndipo jina lake lina manufaa makubwa kuliko kuuzia fulana.

Mzozo wa nyumbani

Katika mwaka 2006, wenye mgahawa mmoja wa ufukweni walikusudia kufanya karamu ya kuadhimisha miaka 60 tangu kuzaliwa kwake. Jumuiya ya Uamsho na Mihadhara ya Kiislamu ikapinga, ikisema kwamba kumtukuza mtu aliyejulikana kwa mapenzi na wanaume wenzake ni kinyume cha dini na mila za Wazanzibari. Karamu ikavunjwa. Miaka miwili tu kabla ya hapo, katika mwaka 2004, Baraza la Wawakilishi lilikuwa limepitisha sheria ya kuadhibu vitendo hivyo. Wageni waliandika magazetini kwao kwamba Zanzibar imemkana mwanawe, na ndani ya nchi wengine walifurahi na wengine walihesabu hasara.

Mercury aliishi miaka kadhaa na mchumba wake wa kike, ambaye alibaki rafiki yake mpaka mwisho na ndiye aliyerithi nyumba yake. Baadaye aliishi na wanaume. Haya yanajulikana na hayafichiki. Wananchi walio wengi katika visiwa hivi ni Waislamu, na wana haki ya kuwa na msimamo wao wa dini, wala mtalii hana haki ya kuwafundisha. Lakini yafaa tutofautishe baina ya kutukuza na kusimulia. Kusimulia maisha ya mtu si kuyatolea fatwa. Wanazuoni wetu wa zamani waliandika habari za wafalme wadhalimu, za washairi walevi na za manahodha wa biashara ya utumwa, na hakuna aliyedhani kwamba kwa kuandika wameyaridhia. Taifa linaloandika habari za watu wema peke yao litakuwa na kitabu chembamba sana.

Zaidi ya hayo, visiwa hivi vina uzoefu wa kuishi na msanii anayetatanisha. Bi Kidude, aliyefariki tarehe 17 Aprili, 2013, alivuta sigara hadharani, alikunywa, aliacha buibui wakati wenzake wamelishika, na aliyasema ya unyago ambayo wengine waliyanong'ona. Alisemwa vibarazani kwa miaka. Na bado alipokufa, umati mkubwa ulimsindikiza, kwa sababu watu walijua kwamba pamoja na yote yule ni wao, na sauti ile ni yao. Hatukuhitaji kumtakasa ili tumzike kwa heshima.

Mambo hayakusimama hapo. Mji Mkongwe uliandikwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000. Sinema ya maisha ya Mercury ilitoka mwaka 2018, ikazunguka dunia nzima, na mwigizaji wake Rami Malek akatuzwa Oscar mwaka 2019. Novemba ya mwaka huo huo ikafunguliwa Shangani nyumba ya makumbusho yenye jina la Mercury, na haikuvunjwa. Septemba 2023, mali zake ziliuzwa kwa mnada London kwa mamilioni ya pauni. Ulimwengu hautasubiri sisi tuafikiane.

Yapasayo kufanywa

Kwa viongozi wetu tuna maneno matatu, na hakuna hata moja litakalohitaji fedha nyingi.

La kwanza, ukweli wa mahali. Nyumba zaidi ya moja katika Mji Mkongwe hudaiwa kuwa ndiyo aliyoishi Farrokh, na mgeni huonyeshwa ile iliyo karibu na duka la anayemwonyesha. Haya si mambo ya kubahatisha. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali, na serikali ya Kiingereza iliandika kila kitu. Tunazo Nyaraka za Taifa pale Kilimani. Apewe mtafiti kijana, mwenyeji, kazi ya kupekua majalada ya watumishi, ya ardhi na ya skuli, na atakachokipata kichapishwe kwa Kiswahili. Akikosa, basi na isemwe rasmi kwamba haijulikani, ili watembezaji wageni waache kuapa.

La pili, ukamilifu wa habari. Wanaopewa leseni ya kutembeza wageni wafundishwe habari za mtu huyu kwa ukamilifu: Uparsi wake, safari ya Panchgani, kuondoka kwa mwaka 1964 na sababu zake, Wembley pamoja na Sun City. Mgeni kutoka Ulaya huenda hajapata kusikia kwamba nyota wake alivunja mgomo wa Afrika. Akisikie hapa, kwa adabu, kutoka kwa mtu wa nchi iliyogharimia ukombozi ule. Hapo jina la Mercury litakuwa limetufungulia mlango wa kusimulia historia yetu sisi, nasi tutakuwa tumekoma kusimama mlangoni mwa historia yake.

La tatu, kheri. Wanaochuma kwa jina la marehemu, wawe wa mahoteli, wa migahawa au wa maduka, watenge sehemu ya pato hilo kwa ajili ya wenye virusi vya UKIMWI wa Unguja na Pemba. Jambo hili hata aliyepinga karamu ya mwaka 2006 hawezi kulipinga, kwani kumhudumia mgonjwa hakuna dini inayokukataza. Na litakuwa limefanya, kwa kuchelewa, kazi ile ambayo Lutaaya aliifanya kwa miguu yake na Mercury hakuwahi kuifanya akiwa hai, nayo ni kuuondoa ugonjwa huu katika chumba cha ndani.

Farrokh Bulsara hakutuomba tumpende wala tumchukie. Aliondoka hapa akiwa kijana wa miaka kumi na saba, katika mwaka ambao wengi waliondoka na wengi zaidi walibaki kujenga. Alipata kipaji kikubwa, alitenda makosa makubwa, alikufa kwa maradhi yaliyowaua maelfu ya ndugu zetu. Daftari la vizazi la Unguja lina jina lake, na haliwezi kufutwa na anayeona haya wala kupambwa na anayefanya biashara. Lililobaki ni kulisoma kama lilivyo.